Madaftari ya Ukoo wa Dominy

Mafundi waliojenga vizuri ni wengi. Waliojenga na wakaandika ni wachache. Ukoo wa Dominy wa East Hampton, katika kisiwa cha Long Island, New York, ni miongoni mwa hao wachache, na nawapongeza kwa moyo mkunjufu.

Nathaniel wa Nne (1737–1812), mwanawe Nathaniel wa Tano na mjukuu wake Felix walichonga viti na meza, wakaunda saa, wakafanya useremala wa nyumba. Mwaka 1806 Nathaniel wa Tano alijenga Hook Mill, kinu cha upepo ambacho hadi leo kingali kimesimama.

Kijiji kidogo hakikuweza kumlisha fundi wa kazi moja, na madaftari yao ya hesabu yanalithibitisha hilo kuliko simulizi yoyote: jina la mteja, kazi, bei, deni. Fedha taslimu zilikuwa adimu, hivyo deni liliweza kulipwa kwa mazao, kwa mbao, au kwa nguvu za mikono. Kwangu mimi utamu wote uko hapo: fundi na mkulima walidaiana na kuaminiana kwa muda mrefu, kalamu ikiwa shahidi wao.

Randa, patasi na misumeno ya akina Dominy imehifadhiwa katika makumbusho ya Winterthur, Delaware. Mtafiti Charles Hummel aliichunguza sambamba na madaftari hayo, akachapisha kitabu kuhusu ukoo huo mwaka 1968. Naye anastahili pongezi, maana wengi wangetazama samani tu na kuyaacha madaftari kabatini.