Ustadi wa Kuuliza na Kungoja

Mhadhiri hodari utamjua akishauliza swali. Darasa limenyamaza, kalamu zinachezewa, mmoja anafunua daftari kana kwamba jibu aliliandika humo jana. Mhadhiri asiyeiva huona ukimya huo ni aibu yake. Hujibu mwenyewe upesi, wanafunzi wakanakili, semina ikageuka mhadhara. Aliyeiva hungoja. Anatazama nani amekunja uso, nani anataka kusema ila hajathubutu. Kungoja huko ni kazi, na ndiyo ninayoisifu hapa.

Kazi hiyo huanza siku nyingi kabla ya kipindi. Mtu anasoma makala kadhaa ili ateue moja tu, yenye hoja inayopingika. Anatunga swali, analijaribu kichwani. Likijibika kwa kunakili aya moja, analitupa. Likimlazimu mwanafunzi asome makala yote, kisha ailinganishe na aliyoyaona kwa macho yake, bei ya korosho kijijini kwao au kesi ya shamba la shangazi yake, hilo analiweka. Wanafunzi watakachoona ni mstari mmoja ubaoni.

Chukua mfano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: kilianza Oktoba 1961 katika jengo la chama cha TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo cha sheria peke yake na wanafunzi 14. Katika darasa la watu 14 hakuna pa kujificha. Baadaye, kwenye kampasi yake ya Mlimani, Walter Rodney kutoka Guyana alifundisha historia, kwanza mwaka 1966 na tena kuanzia 1969 hadi 1974. Wanafunzi wenye kiu walikuwa na madarasa yao ya Jumapili, yasiyo na mtihani wala alama. Walitoa jarida, Cheche, ambamo mwaka 1970 Issa Shivji, kijana wa sheria, alichapisha uchambuzi wake wa mapambano ya kitabaka nchini Tanzania. Jarida lilipigwa marufuku mwaka huohuo. Unaweza kuzikubali siasa zao au kuzikataa. Mimi ninachotazama ni kwamba walisoma na kuandika bila kuagizwa na mtu.

Kitabu kikuu cha Rodney, kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kilitoka 1972. Katika dibaji anawashukuru Karim Hirji na Henry Mapolu, vijana wa kundi hilohilo la Cheche, kwa kuusoma mswada wake na kuukosoa. Hapo nasimama kila mara. Mwalimu ameandika kazi ya maisha yake, na kabla haijaenda kiwanda cha uchapaji anawapa vijana waitafute kasoro. Sijui somo la kujitegemea kifikra linalozidi hilo, kwa kuwa mwanafunzi anaonyeshwa kwamba hata anayemfundisha bado anatafuta.

Siku hizi kozi moja huwa na mamia ya wanafunzi, mhadhiri ameshika kipaza sauti, na madesa, yale maandishi ya masomo ya kutoa kopi steshenari, hurithishwa mwaka hadi mwaka. Mtu akisema "chuo kikuu ni kujisomea," akiwa na maana kwamba mhadhiri akishatoa vitini amemaliza, namkatalia. Aliyepita sekondari kwa kukariri bado hajui kujisomea. Afundishwe kufuata tanbihi hadi kwenye chanzo, kuuliza takwimu alizikusanya nani na kwa faida ya nani, kuacha kitabu kisichomfaa bila kujiona mvivu. Nawajua wahadhiri ambao, hata kwa madarasa hayo makubwa, hurudisha insha zikiwa na maandishi ya penseli pembeni: "Umejuaje?" "Nani angekupinga?" Jioni utawakuta wanafunzi wao kwenye vimbweta, zile meza za zege chini ya miti, wakibishana. Mpita njia atadhani mwalimu hayupo. Akisikiliza, atagundua kuwa wanabishania swali lake.

Kupanda cheo chuoni hutegemea zaidi machapisho, na saa ambazo mtu ametumia kutunga swali au kuandika pembeni ya insha aghalabu hazina safu kwenye fomu. Ningezitengea safu. Na semina za watu wachache ningezianza mwaka wa kwanza, mazoea ya kukariri yakiwa bado yanang'oleka, kuliko kuzingoja mwaka wa tatu, mwanafunzi anapodaiwa utafiti wa peke yake ambao hakuna aliyemzoeza.