Kamera Iliyotulia Uani

Mikanda mingi ya nyumbani haitazamiki, tuseme ukweli. Mtu kanunua kamera ya video kwa fedha nzuri, kaibeba harusini, Idi, mahafali ya mtoto, na alichorudi nacho ni saa nzima ya picha inayoyumba: mara sakafu, mara feni, mara uso wa bibi uliovutwa karibu hadi ukajaza kioo, kisha ukarudishwa mbali, kisha ukavutwa tena. Juu ya hayo yote inasikika sauti ya mpigaji mwenyewe ikiamrisha, "Tazameni huku! Chekeni basi!" Wageni huvumilia dakika tano kwa heshima, halafu mmoja anakumbuka kwamba ana safari.

Ndiyo maana namstahi sana mjomba wangu wa Tanga. Ni karani mstaafu, hakusomea filamu popote, na kamera yake ni ya kawaida ya mkononi, ya mikanda midogo ya MiniDV, aina iliyojaa madukani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Lakini mikanda yake watu huiomba. Hata watoto huiomba, na mtoto hana tabia ya kutazama kitu kwa heshima.

Ukimwangalia akifanya kazi, utashangaa jinsi anavyofanya machache. Anatafuta mahali pake, anaketi kwenye kigoda, anabana viwiko mbavuni, anabonyeza kitufe cha kurekodi, na hapo ananyamaza akihesabu moyoni hadi kumi. Haigeuzi kamera. Kama kuna kitu cha kutokea, kitaingia chenyewe ndani ya fremu: mkono wenye kisu, kuku, mtoto aliyetumwa chumvi. Kumi hizo zina hesabu yake. Sekunde mbili au tatu za mwanzo hupotea mkono ukitulia baada ya kubonyeza, na za mwisho hupotea mkono ukijiandaa kuzima. Katikati hubaki tano au sita safi, na hizo zinatosha jicho la mtazamaji kusoma kilichomo. Wapigaji wengi huzima pale pale mkono ulipoanza kutulia, ndiyo maana wakifika kwenye kompyuta hawana cha kukata.

Kitufe cha kuvuta picha karibu hakipendi kabisa. Ubavuni mwa kamera hizi waliandika namba kubwa za kumvutia mnunuzi. Lenzi yenyewe huvuta mara 10 au 20, na chini yake kuna namba ya mamia, ile ya kidijitali, ambayo haileti kitu karibu hata kidogo. Inatanua tu nukta zilizokwisha kunaswa mpaka uso wa mtu unageuka vigae. Na hata lenzi ikivuta kwa haki, mtetemeko wa mkono nao unavutwa kwa kiasi hicho hicho. Kwa hiyo mjomba huzima, husogea kwa miguu, huanza upya. Akilazimika kutembea huku anarekodi, hukunja magoti kidogo na kwenda kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi lililojaa pomoni.

Mkanda wake ninaoupenda kuliko yote ni wa pilau la maulidi, uliopigwa uani. Unaanza kwa mbali: ua mzima, sufuria kubwa juu ya mafiga, wanawake wanne, moshi ukielekea kwa jirani. Halafu mikono tu, inakata vitunguu. Halafu uso wa mwenye mikono, na macho yanayochuruzika machozi. Halafu viungo vinapondwa kinuni, tena kwa karibu, bila uso. Kisha anarudi mbali na sasa watoto wameshasogea. Kila picha ina ukubwa tofauti na iliyoitangulia, na hilo si bahati. Ukiunganisha picha mbili za ukubwa mmoja kutoka upande mmoja, mtu anaonekana kama karuka ghafla mahali alipokaa. Ukibadilisha ukubwa na upande, jicho linakubali bila kuuliza. Vivyo hivyo wanawake wawili wanapozungumza, mjomba hubaki upande mmoja wao tangu mwanzo hadi mwisho. Akivuka kwenda upande wa pili, kwenye filamu wataonekana wote wawili wanatazama kulia, kana kwamba wamegombana.

Lakini ustadi wake mkubwa ni kwenye mwanga, na hapo ndipo kamera ya bei nafuu inapowadhulumu watu wetu. Kamera ikiachwa ijiamulie, hupima mwanga kwa kuchukua wastani wa fremu nzima. Sasa fikiria shughuli ya pwani saa sita mchana: kanzu nyeupe, ukuta wa chokaa, mchanga unaong'aa. Kamera inahesabu kwamba mwanga umezidi, inabana tundu la lenzi, na nyuso nyeusi zilizo katikati ya weupe huo zinazama gizani. Kanzu zinaonekana vizuri sana, waliozivaa hawaonekani. Nimeona video za harusi ambamo bwana harusi ni meno na kofia. Wengi hudhani kamera ni mbovu, kumbe inatii wastani wake tu.

Kuna kitufe cha kurekebisha hilo, kile kinachotumika mwanga ukiwa nyuma ya mtu, na kamera nyingi zinacho. Mjomba hukitumia akibanwa. Kwa kawaida yeye huhamisha watu. Huwaalika barazani, mlango wa nyumba ukiwa wazi nyuma yao ili giza la ndani liwe ndiyo mandhari, naye husimama barabarani akilipa jua mgongo. Hapo mwanga wa mbingu unawafikia usoni kwa upole bila jua kali kuwachoma, na kwa kuwa nyuma yao kuna weusi, kamera inafungua tundu lake badala ya kulibana. Ngozi inang'aa, makunyanzi ya babu yanasomeka moja moja. Waliojenga baraza hawakuwa na habari za kamera, lakini sijaona studio inayoishinda kwa saa za asubuhi.

Usiku ni vita nyingine. Kifaa kinachonasa picha ndani ya kamera hizi ni kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, mwanga ukipungua kamera hujilazimisha kuona, na matokeo yake ni chembechembe zinazochezacheza juu ya kila kitu. Mjomba hugeuza taa yenye nguvu ielekee ukuta mweupe, ili mwanga urudi umetawanyika. Kabla ya hapo huonyesha kamera karatasi nyeupe na kuifundisha kuwa huu ndio weupe wa chumba hiki, maana taa za mirija zina ukijani ambao macho yetu huupuuza na kamera haiupuuzi. Na joto letu lina vituko vyake. Ukitoka na kamera ya mkanda kwenye chumba chenye kiyoyozi na kuingia kwenye unyevu wa nje, mvuke hutanda ndani, neno DEW hutokea kwenye kioo na mkanda hukataa kuzunguka. Hakuna cha kufanya ila kungoja, pengine saa nzima. Ndiyo maana kwenye shughuli mjomba hakai ndani na waheshimiwa.

Wakati mwingine nafikiri sanaa yote ya sinema ilianzia kwenye video ya nyumbani. Mwaka 1895 Louis Lumière alimpiga picha kaka yake Auguste, na mkewe Marguerite, wakimlisha mtoto wao Andrée nje ya nyumba. Ni meza, kikombe, uji na kijiko. Kamera haisogei, na filamu haifiki dakika moja. Ilikuwa miongoni mwa filamu zilizoonyeshwa kwa watu waliolipa kiingilio Paris tarehe 28 Desemba mwaka huo. Nyuma ya familia ile upepo unatikisa majani. Hakuna aliyeyaagiza majani yatikisike, lakini wapo waliokwenda nyumbani wakisimulia majani kuliko mtoto. Mpigaji wa nyumbani ana fursa ambayo fundi wa kulipwa hana: anaruhusiwa kuwapo. Fundi wa harusi akiingia jikoni kila mtu anajipanga. Mjomba akiingia anaambiwa asogee, anaziba njia, na kazi inaendelea.

Sauti nayo watu huifikiria mwisho, na kwa maoni yangu ndiyo inayoharibu video nyingi kuliko mkono unaotetemeka. Maikrofoni iliyo mbele ya kamera haijui nani ni muhimu. Feni, bodaboda, redio ya jirani na nyanya anayesimulia safari yake ya Pemba, kwake wote ni sawa. Dawa ni kusogea mpaka karibu urefu wa mkono, kuzima feni, na kuomba televisheni ipumzike. Wote wakishamaliza kuzungumza, mjomba hurekodi ua ukiwa kimya kwa dakika moja hivi: kunguru, majani ya mnazi, mtu anayesugua sufuria mbali. Kimya hicho atakitumia baadaye kufunika mashimo pale alipokata maneno. Kila mahali pana ukimya wake, na ukimya wa studio ukichomekwa uani unasikika kama sauti imekatika.

Taarabu ikianza, hugeuka mtu mwingine. Wimbo atakaoutaka hurekodi wote, mwanzo hadi mwisho, bila kuzima na bila kuhama, hata kama kuna kichekesho kinaendelea pembeni. Nyimbo zinazofuata ndizo anazozitumia kuzunguka: mikono inayotuza, miguu chini ya madira, shangazi anayeimba bila sauti. Nyumbani huweka sauti ya wimbo ule mmoja chini, juu yake akapanga picha za nyimbo nyingine zote, mradi asionyeshe mdomo wa mwimbaji wala vidole vya mpiga kinanda mahali visipolingana. Ukitazama utaapa kulikuwa na kamera tatu.

Programu yake ni Windows Movie Maker, ile iliyokuja bure na Windows tangu mwaka 2000, mwaka mmoja baada ya Apple kutoa iMovie. Microsoft waliacha kuitoa mwaka 2017, lakini kompyuta yake haijui, haijaunganishwa na intaneti. Kwenye Movie Maker kuna mstari mmoja wa picha na mmoja wa sauti ya ziada, basi. Mjomba aligundua kwamba ukiburuta kipande cha video na kukiangusha kwenye mstari wa sauti, picha inatupwa na sauti inabaki. Kwa ujanja huo mdogo anaweza kufanya sauti ya nyanya ianze tukiwa bado tunatazama chungu, na uso wake ufuate baadaye. Mtazamaji haoni chochote kilichofanyika. Anahisi tu kwamba ameitwa.

Na mkanda una adabu yake. Kuuhamishia kwenye kompyuta kwa waya wa FireWire huchukua muda ule ule uliorekodiwa, saa kwa saa, na kila saa hula takriban gigabaiti 13. Diski ya gigabaiti 40 haikutosha hata mikanda mitatu, ukihesabu na Windows yenyewe. Wengi walilalamika. Mjomba huketi na daftari na kutazama yote, akiandika dakika na kilichomo: "14, Bi mkubwa anacheka, nzuri. 17, giza. 22, sahani." Akimaliza, filamu imeshakatwa kichwani, kompyuta ni kibarua tu. Leo tunahamisha faili za simu kwa dakika mbili na hatuzitazami tena, na sidhani ni simu za kulaumiwa.

Mioyo inayopasuka, nyota, ukurasa unaojikunja, yote yamo kwenye Movie Maker na mafundi wa mjini waliyatumia mpaka yakachosha. Yeye hukata moja kwa moja, na pale tu muda mrefu umepita huacha picha moja iyeyukie nyingine. Ninaposikia watu wakidai programu bora, mimi huwatajia filamu ya Mmarekani Jonathan Caouette, *Tarnation*, ya mwaka 2003, iliyohaririwa kwenye iMovie kutokana na mikanda na picha za familia yake, kwa gharama iliyotangazwa ya dola 218 hivi, nayo ikafika Cannes. Mjomba huuliza kama hizo dola ni pamoja na umeme.

Kutoka mkanda wa saa nzima hubaki dakika nane au tisa. Hapo ndipo ugomvi huanza. Nakala huenda kwa DVD hadi kwa ndugu wa Muscat, na wiki haijaisha simu inalia: "Mbona mimi simo? Si nilikaa mbele kabisa?" Mwanzoni alijaribu kueleza habari za mwendo wa filamu, akaona kheri anyamaze. Sasa kwenye kila shughuli husimama mlangoni wageni wanapoingia, akimwomba kila mmoja ataje jina lake na alikotoka. Vipande hivyo huviunganisha mwishoni, bila muziki, kwa mpangilio waliofika. Sehemu hiyo imekuwa ndefu kuliko pilau lenyewe, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuomba ifupishwe.