Fundi wa Karabai

Kilwa ya Haut-Katanga, iliyo ukingoni mwa Ziwa Mweru, imeijua karabai kwa kazi: usiku taa juu ya maji, samaki wadogo wa chisense wanakusanyika chini ya mwanga, nyavu zinamaliza. Pongezi zangu ni kwa fundi anayezifanya taa hizo ziendelee kuwaka.

Karabai ya Petromax ilizaliwa Berlin mwaka 1910, na leo huko Kilwa kupata kipuri chake halisi ni bahati. Fundi hutegemea nakala za China, ambazo vipande vyake vingi hutoshea kwenye Petromax, na taa zilizokufa, anazozichinja kama kuku. Ngozi ya pampu ikikauka, hewa haisukumwi. Basi hukata kiduara kutoka kiatu kikuukuu, hukiloweka mafuta, kisha hukitanua kwa kidole gumba mpaka kishike kuta za silinda. Sindano ikipinda, tundu la mvuke huziba na moto hurukaruka. Kile kisoksi cha kitambaa kinachotoa mwanga ndicho hakina ujanja: kikishaungua mara ya kwanza ni jivu jeupe, ukikigusa kimekwisha. (Kimoja nilikimaliza kwa chafya.)

Taa za betri zimempunguzia wateja. Kopo lake la maziwa bado limejaa sindano na nati, na hauzi hata moja kabla hajaiona taa yako.