Koo la Pasta, koo la Grisi

Ukiingia jumba la opera leo kuitazama Norma ya Vincenzo Bellini, yaelekea utakuta wamepangwa hivi: Norma ni soprano, na Adalgisa, msichana anayependwa na mpenzi wa Norma bila kujua, ni mezosoprano mwenye sauti nzito, iliyoiva. Hapo ndipo kuna kichekesho ambacho hakuna anayekicheka. Norma ni mama wa watoto wawili; Adalgisa ni mwali aliyeingia hekaluni juzi tu. Lakini ukifumba macho, mwali ndiye anayesikika kama shangazi.

Haikuanza hivyo. Opera hii ilipoonyeshwa mara ya kwanza La Scala, Milano, tarehe 26 Desemba 1831, Norma aliimbwa na Giuditta Pasta, mwenye umri wa miaka 34. Adalgisa akaimbwa na Giulia Grisi, binti wa miaka 20. Grisi alikuwa soprano halisi. Kama kuna aliyekuwa na harufu ya mezo kati yao, ni Pasta.

Mwanakwaya wetu atashangaa. Amezoea kwamba ukishapimwa sauti na kuwekwa alto, basi wewe ni alto mpaka uhame usharika. Italia ya wakati ule haikufanya kazi hivyo. Impresario, yaani mwendeshaji wa jumba, alifunga mikataba na waimbaji kwanza, ndipo mtunzi akaandika akijua koo la nani litabeba nini. Vyeo ndivyo vilivyogombewa, nani prima donna na nani anamfuata, kiasi kwamba mtunzi Donizetti aliutungia ugomvi huo opera nzima ya kuchekesha mwaka 1827. (Wengine walisafiri na wimbo wao wa kujionyesha, wakauchomeka kwenye opera yoyote waliyoikuta. Waitaliano waliuita wimbo wa sanduku.)

Mfano mzuri wa kuandikia koo hivyo ni teno Domenico Donzelli. Kabla muziki haujaandikwa, alimwandikia Bellini barua ya kumweleza sauti yake: ina takriban oktava mbili, inapanda kwa nguvu ya kifua hadi sol, na kutoka hapo mpaka do ya juu anatumia falseto. Barua ile ni kama kipimo anachopewa fundi cherehani. Ukiitazama sehemu ya Pollione, Mrumi anayewachanganya wanawake hawa wawili, unaona imekaa chini, kwa uzito wa askari, na noti za juu ni za kupita tu. Wimbo wake wa kwanza una do moja ya juu. Kwa maelezo ya Donzelli mwenyewe, hiyo ilikuwa ya falseto. Mwaka huohuo, mjini Lucca, Gilbert Duprez aliitoa do ya kifua katika Guillaume Tell ya Rossini, na mwaka 1837 akairudia Paris. Tangu hapo wasikilizaji hawakutaka tena nyingine. Ndiyo maana Pollione wa leo huipigia do ile kelele, au huikwepa kabisa.

Pasta ndiye fumbo lenyewe. Mwezi Machi 1831 alikuwa Amina wa La sonnambula, uhusika ambao leo hupewa soprano mwepesi wa kudonoa noti kama ndege. Hata miezi kumi haikupita, akawa Norma, uhusika wa sauti nzito ya mamlaka. Miaka ya nyuma alikuwa amesifiwa kama Tancredi wa Rossini, shujaa mwanamume aliyeandikiwa kontralto. Koo moja, makabati matatu ya leo. Mwandishi Stendhal, aliyempenda kupita kiasi, alikiri kwamba sauti yake haikuwa na rangi moja kutoka chini hadi juu, na akaihesabu hiyo kuwa utajiri wake.

Casta Diva, wimbo wa Norma, inatuonyesha mipaka ya koo hilo. Katika mswada wa Bellini wimbo huu uko kwenye ufunguo wa sol. Unapofika kileleni, sauti inaganda kwenye noti moja, inaipiga tena na tena, kisha inapanda nusu hatua na kuanza kuteremka. Kwenye sol, noti inayorudiwa ni si, na kilele ni do ya juu. Kwenye fa, ambako wimbo ulishushwa, yaelekea kwa ajili ya Pasta, ni la na si bemoli. Karatasini tofauti ni ndogo. Kooni, kugonga si mara nyingi hivyo kwa upole ni kazi nyingine kabisa. Joan Sutherland aliurudisha kwenye sol katika rekodi ya 1964, lakini karibu kila mtu mwingine amebaki na fa ya Pasta.

Adalgisa alihamaje basi? Nadhani Verdi, kwa opera yake Aida, alitufundisha kusikia hivyo: Aida soprano, Amneris mezo, wapinzani wagawane juu na chini. Majumba yalikuwa na mezo wa kutosha, nao wakapewa Adalgisa, hata pale ambapo sehemu yake inapanda hadi do na ikabidi duo zishushwe ufunguo. Ushahidi kwamba haikuwa lazima ni Grisi mwenyewe: baadaye alikuwa Norma mashuhuri wa London na Paris.

Katika rekodi iliyotoka 2013, mezo Cecilia Bartoli aliimba Norma, na Sumi Jo, soprano mwepesi, akaimba Adalgisa. Kwangu, Bartoli anapungukiwa na ukali pale Norma anapotishia vita. Lakini wawili hao wanapoimba duo ya tendo la pili, sauti zao zikitembea sambamba, mkubwa anasikika mzito na mdogo mwepesi, na kwa mara ya kwanza sikuhitaji kitabu cha maelezo kujua nani ni mama.