Penseli Kabla ya Kisu

Inaniudhi kusikia filamu ya upasuaji ikisifiwa kwa wingi wa damu. Majuzi wakusanyaji wa filamu wenye makabati yaliyojaa walikuwa wakiinadi kazi moja mpya kuwa kilele cha fani, ilhali humo hakuna daktari hata mmoja anayejua kushika kisu. Damu ya filamu hata mtoto ataikoroga jikoni.

Anayetaka kujifunza kupima filamu za aina hii aanze na Les yeux sans visage ya Georges Franju, ya mwaka 1960. Dokta Génessier anawachuna wasichana nyuso ampandikizie bintiye aliyeharibika sura ajalini. Wageni wote wa filamu hii husimulia ngozi inavyobanduka. Mimi huwauliza: na penseli? Kabla ya kisu, Pierre Brasseur, anayemwigiza daktari, anauzungushia mstari uso wa msichana aliyelala, taratibu, kama fundi cherehani anavyopitisha chaki kitambaani. Muziki wa Maurice Jarre hausikiki. Jasho linamtoka, msaidizi wake, Alida Valli, anampangusa. Kisha kisu kinapita palepale ilipopita penseli. Hofu yote imo katika mstari ule, kwa kuwa anayechora kwanza hajapandwa na wazimu, yuko kazini. Filamu ya tiba isiyo na maandalizi haihesabiki, na hilo halina mjadala.

Franju alisimulia jinsi alivyoonywa: asiweke damu, wakaguzi wa Ufaransa watakasirika, asitese wanyama, Waingereza watachukia, asiweke daktari kichaa, Wajerumani hawatapenda. Hadithi yenyewe ilivitaka vyote vitatu! Akaviweka, kwa utulivu uleule aliotumia kupiga picha machinjio ya Paris katika Le sang des bêtes, mwaka 1949.

Marekani waliitoa filamu ya Génessier mwaka 1962 kwa jina The Horror Chamber of Dr. Faustus, imebandikwa sauti za Kiingereza na kupunguzwa upasuaji. Faustus mwenyewe hayumo. Bango lake zuri, linunue. Nakala, jihadhari. Muuzaji mmoja aliwahi kuniapia kuwa mkanda wake ni kamili. Kumbe kipande cha upasuaji alikiunga kutoka kwingine. Nikamwomba anionyeshe kipande cha Génessier akimpima mtoto mgonjwa kliniki kwa upole. Hakuwa nacho. Wamarekani waliukata upole huo pia, na bila huo daktari anabaki zimwi tu.

Nakala za leo zimesafishwa vizuri, ingawa weusi wa kanda za zamani ulikuwa na uzito ambao siuoni tena. Chukua yenye Kifaransa chake. Edith Scob, aliye binti wa Génessier, anaigiza karibu filamu nzima nyuma ya barakoa, amebakiwa na macho na sauti; ukimbandika sauti ya mwingine umemnyang'anya nusu ya kazi yake.