Saa ya Kuingia, Saa ya Kutoka: Uundaji wa Programu ya Mahudhurio Ndani ya Ofisi Huria

Programu ya kufuatilia muda wa wafanyakazi, yaani ile inayoandika nani ameingia kazini saa ngapi na ametoka saa ngapi ili mwisho wa mwezi mshahara na saa za ziada zipigiwe hesabu, huonekana kuwa kazi ndogo kwa yeyote anayejua kujumlisha na kutoa, na kwa sababu hiyo wabunifu wengi huanzia kwenye fomula. Uchambuzi huu unashikilia kwamba fomula ndiyo sehemu nyepesi, na kwamba uzito wote uko katika kujua saa iliyoandikwa ni saa ipi, imeandikwa na nani, na kwa kipimo cha nchi gani. Mahali pazuri pa kulipima dai hilo ni Nyamiaga, kata ya wilaya ya Ngara mkoani Kagera, katika pembe ya Tanzania inayopakana na Rwanda na Burundi, ambako ofisi nyingi ni ndogo, zina kompyuta moja au mbili, na hazina fungu la kununulia mfumo wa rasilimali watu unaolipiwa leseni kila mwaka.

Ofisi ya namna hiyo inayo tayari nyenzo isiyolipiwa: seti ya programu za ofisi zilizo huria, yaani programu ambazo msimbo wake chanzo, maandishi yaliyoandikwa na waundaji wake, uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuubadili na kuusambaza. Nasaba yake inajulikana vizuri. Kampuni ya Sun Microsystems iliinunua StarDivision ya Ujerumani mwaka 1999, ikaufungua msimbo wa StarOffice mwaka 2000 kwa jina la OpenOffice.org, na baada ya Sun kununuliwa na Oracle mwaka 2010, sehemu kubwa ya waundaji ilijitenga mwezi Septemba mwaka huohuo ikaanzisha LibreOffice chini ya The Document Foundation. Kiswahili kiliingia mapema katika nasaba hiyo: mradi wa Kilinux, uliofanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice mwishoni mwa mwaka 2004, ikiwa na menyu, vitufe na ujumbe wake kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi kubwa, kwa kuwa maelfu ya vipande vya maneno yalipaswa kupatiwa istilahi ambazo nyingi hazikuwa zimekubaliwa popote, na ilithibitisha kwamba lugha haihitaji ruhusa ya muuzaji ili iingie kwenye kompyuta.

Hata hivyo, kutafsiri menyu ni jambo moja na kuifundisha programu desturi za mahali ni jingine. Desturi hizo, kama vile majina ya miezi, alama ya shilingi na mpangilio wa tarehe, hukaa katika faili la pekee ambalo programu hulisoma ili ijue iko nchi gani, na faili hilo, kwa muundo uliorithiwa tangu OpenOffice.org, lina nafasi mbili tu za kugawia siku: moja ya saa za kabla ya adhuhuri na nyingine ya saa za baada yake. Mzungumzaji wa Kiswahili haigawi siku hivyo. Saa yake ya kwanza huanza jua linapochomoza, hivyo saa 1 asubuhi ni 07:00 kwa hesabu ya mashine, saa 1 usiku ni 19:00, na zaidi ya asubuhi na usiku kuna alfajiri, mchana, alasiri na jioni ambazo mipaka yake hujulikana kwa matumizi. Hakuna mfasiri, awe hodari kiasi gani, angeweza kuliingiza jambo hilo katika nafasi mbili. Lilikuwa suala la usanifu, na lilibaki mikononi mwa kila atakayetengeneza jedwali la mahudhurio baadaye.

Suluhisho linalokuja upesi ni kuongeza saa sita, na ndilo linaloharibu hesabu. Kanuni kamili ni kuichukua 12 kama sifuri, kisha kuongeza 6 ikiwa saa iko katika nusu ya mchana au 18 ikiwa iko katika nusu ya usiku, na jumla inapofika au kuzidi 24 kuondoa 24. Kwa njia hiyo saa 9:30 alasiri, ambayo ndiyo saa ya watumishi wa umma kumaliza kazi, inakuwa 15:30, na saa 11 alfajiri inakuwa 05:00. Tatizo liko kwenye neno linaloandamana na saa. Saa 11 jioni ni nusu ya mchana, lakini saa 12 jioni, ambayo bado watu huiita jioni, tayari ni mwanzo wa nusu ya usiku, kwa hiyo fomula inayotegemea neno “jioni” peke yake itamwandika mlinzi aliyeingia saa 12 jioni kuwa aliingia alfajiri ya siku hiyo, yaani saa kumi na mbili kabla ya wakati wake. Njia salama zaidi, ingawa haina madoido, ni kutotumia fomula kabisa: jedwali dogo la mistari 24 ambalo upande mmoja lina saa kwa maneno ya watu na upande wa pili lina saa ya mashine, na mwandishi huchagua kwenye orodha badala ya kuandika mwenyewe. Jedwali hilo linaweza kukaguliwa na karani yeyote kwa macho, na fomula ya kugawanya kwa salio haiwezi.

Mpaka wa siku nao una utata wake. Lahajedwali, yaani programu ya majedwali kama Calc iliyo ndani ya LibreOffice, huhesabu tarehe kwa idadi ya siku tangu tarehe 30 Desemba 1899, na saa huwa sehemu ya siku, hivyo adhuhuri ni nusu na saa 12 jioni ni robo tatu. Mfanyakazi akiingia jioni na kutoka asubuhi bila tarehe kuandikwa, saa ya kutoka huwa ndogo kuliko ya kuingia na jibu huwa hasi, jambo ambalo wengi hulitibu kwa kuongeza siku moja kila jibu linapokuwa hasi. Tiba hiyo huficha makosa ya uandishi pamoja na zamu za kweli za usiku, na tena haijibu swali la zamu ni ya siku gani, hasa pale ambapo usiku hutangulia mchana wake katika mazungumzo na “usiku wa Ijumaa” kwa wengine ni Alhamisi baada ya magharibi. Fomu iliyoundwa vizuri huandika tarehe kwenye tukio la kuingia na kwenye tukio la kutoka pia, na inapowauliza watu kwa maneno hutumia “usiku wa kuamkia”, ambao hauna utata kwa mtu yeyote.

Ngara inaongeza jambo ambalo mbunifu aliyekaa Dar es Salaam hawezi kulifikiria kwa urahisi. Tanzania iko saa tatu mbele ya saa ya kimataifa, Rwanda na Burundi ziko saa mbili, kwa hiyo kuvuka daraja la Rusumo au mpaka wa Kabanga ni kurudi nyuma saa moja. Katika kituo cha huduma za pamoja cha Rusumo, kilichozinduliwa Aprili 2016 na Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame, maofisa wa nchi mbili hufanya kazi sehemu moja kwa saa mbili tofauti, na simu iliyowekwa ijirekebishe saa kwa kufuata mtandao inaweza kuchukua saa ya jirani pale mawimbi ya ng’ambo yanapozidi nguvu. Mfanyakazi aliyeandika kuingia kwa saa ya Tanzania na kutoka kwa simu iliyokwishahama nchi amepoteza saa nzima ya malipo bila mtu yeyote kudanganya. Calc haina mahali pa kuhifadhi saa ya nchi ndani ya seli, yaani kijumba kimoja cha jedwali, kwa hiyo uamuzi lazima ufanywe nje yake: kompyuta ya ofisi ifungwe kwenye saa ya Tanzania bila kujirekebisha, matukio yote yaandikwe kwa kompyuta hiyo, na simu zisiwe chanzo cha saa hata kama kufanya hivyo kunaonekana kuwa ni kurudi nyuma.

Kabla ya kwenda mbali, inafaa kuutazama mfumo ambao programu hii inakuja kuurithi, kwa sababu daftari la mahudhurio lililo mezani katika ofisi za kata, shule na zahanati ni usanifu mzuri kuliko linavyosifiwa. Mtu huandika jina, saa na saini yake kwa mkono wake. Muda wa kuripoti ukipita, msimamizi hupiga mstari mwekundu, na kila anayekuja baadaye husaini chini yake. Mstari huo unafanya kazi ambayo wahandisi wa hifadhidata, yaani maghala ya taarifa zilizopangwa, huifanya kwa gharama kubwa: unaifunga sehemu iliyokwisha kuandikwa ili isiongezwe kitu nyuma ya wakati. Lahajedwali haina mstari mwekundu. Seli inaweza kufutwa na kuandikwa upya bila kuacha alama, na ulinzi wa jedwali kwa nywila humzuia mtu aliyekosea tu, haumzuii aliyekusudia.

Kwa hiyo uamuzi mkuu wa usanifu ni kwamba programu isihifadhi saa zilizofanywa, bali ihifadhi matukio. Kila safu iwe tukio moja: namba ya mfanyakazi, kuingia au kutoka, tarehe na saa, na jina la aliyeandika. Kosa lisifutwe, ila liandikiwe safu mpya inayolitaja na kueleza sababu, na jumla za wiki na mwezi zitoke kwenye jedwali jingine ambalo halina kitu kilichoandikwa kwa mkono. Kila Jumatatu matukio ya wiki iliyopita huchapishwa, wafanyakazi wakaweka saini, na karatasi hiyo ndiyo inayochukua nafasi ya mstari mwekundu. Ukweli ni kwamba karatasi iliyosainiwa ina nguvu mbele ya msuluhishi wa mgogoro wa kazi kuliko faili lolote ambalo mwajiri peke yake ana ufunguo wake.

Matukio yakishakaa sawa, sheria huingia kwa wepesi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida kuwa zisizozidi 9 kwa siku, 45 kwa wiki na siku 6 kwa wiki. Saa za ziada zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne na zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Aliyefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano apate mapumziko ya dakika 60. Na kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 alfajiri iongezewe angalau asilimia 5. Mfano wa mlinzi unaonyesha kile ambacho daftari halikuwahi kusema kwa sauti. Akiingia saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi kwa usiku sita, na kila usiku ukitolewa saa moja ya mapumziko, amefanya saa 66 kwa wiki, 21 zikiwa za ziada, na katika wiki nne ziada hiyo inafika 84 mahali ambapo sheria inaruhusu 50. Mpango wa mlinzi mmoja kulinda usiku kucha, ambao ni wa kawaida mno kiasi kwamba hauulizwi, unavuka kikomo hata kama kila shilingi ya ziada imelipwa, na programu inayojumlisha malipo bila kutoa onyo hapo inamsaidia mwajiri kuvunja sheria kwa unadhifu.

Sikukuu nazo zinahitaji dakika halisi. Mlinzi au muuguzi aliyeingia kazini jioni ya tarehe 24 Desemba ana saa sita zinazoangukia Krismasi kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi, ambazo hulipwa mara mbili, na programu iliyoibandika zamu nzima kwenye tarehe ya kuingia itazikosa zote. Zamu na iwe ya siku iliyoanza, kwa ajili ya ratiba. Malipo yafuate dakika zilipoangukia. Na ni dakika kweli, si sehemu za siku: theluthi ya siku haina mwisho katika tarakimu za kompyuta, hivyo kulinganisha jumla na kikomo cha saa 45 kunaweza kukosea kwa chembe isiyoonekana, ilhali dakika 2,700 ni 2,700.

Kuhusu chombo, Calc inatosha kwa ofisi ya watu kumi na kadhaa. Base, programu ya hifadhidata iliyo katika seti hiyohiyo, inavutia kwa fomu zake, lakini ikitumika kwa hifadhidata iliyofungwa ndani ya faili lake haiwahudumii watu wawili kwa wakati mmoja, na umeme ukikatika kabla ya kuhifadhi kazi ya asubuhi inaweza kupotea. Vifaa vya alama za vidole ni mjadala mwingine: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za namna hiyo kuwa nyeti, na ofisi isiyo na mahali salama pa kuzitunza haina sababu ya kuzikusanya ili kujua tu nani amechelewa.

Faili likishaundwa, lijaribiwe kwa safu chache zilizochaguliwa kwa ubaya kabla ya kupewa karani: kuingia saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, ambako jibu liwe dakika 720 kabla ya mapumziko, kutoka bila kuingia, ambako programu ikatae kukisia, mtu aliyetoka saa 12 asubuhi na kuitwa tena saa 11 jioni siku hiyohiyo, ambaye mapumziko yake ya kila siku, yanayotakiwa na sheria kuwa saa 12 mfululizo, yamepungua kwa saa moja na onyo lazima litokee, na kuingia kulikoandikwa saa moja pungufu, kama vile kumetoka kwenye simu iliyoshika mtandao wa ng’ambo ya Rusumo, ambako hakuna fomula itakayogundua kitu na kinachobaki ni jina la aliyeandika.