Wengi Wape, Lakini Wengi Ni Wangapi?

Methali inasema wengi wape. Tumeisikia tangu shule ya msingi, tukaiandikia insha na kupewa alama. Lakini hakuna aliyetuuliza wengi hao ni wangapi. Watu kumi wako kibandani asubuhi: wanne wanataka chai, watatu kahawa, watatu uji. Wengi ni kina nani? Wa chai wanawazidi wa kahawa, na wanawazidi wa uji. Hata hivyo, watu sita hawataki chai. Methali imenyamaza hapo, na katiba nyingi zimenyamaza pamoja nayo.

Nasomea shahada ya uzamili katika fasihi. Kazi yetu ni kukaa na neno mpaka liseme. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikisoma hukumu za kesi za uchaguzi kama nisomavyo hadithi fupi: ni neno lipi limebebeshwa mzigo, na ni mhusika gani ameachwa nje ya mlango. Mhusika huyo, mara nyingi, ni mgombea wa tatu.

Tuanzie Malawi. Katiba yao inasema Rais atachaguliwa na wengi wa wapiga kura. Kwa miaka 25 neno hilo lilisomwa kwa maana ya chai ya kibandani: anayewazidi wenzake ndiye mshindi. Bingu wa Mutharika aliingia Ikulu mwaka 2004 kwa takriban asilimia 36, na mdogo wake Peter mwaka 2014 kwa kiasi kama hicho. Mwaka 2019 Peter Mutharika alitangazwa mshindi kwa asilimia 38.57, Lazarus Chakwera akiwa na 35.41 na Saulos Chilima 20.24. Tarehe 3 Februari 2020, majaji watano walifuta uchaguzi huo kwa kasoro zake, kisha wakasema jambo jingine: wengi maana yake ni zaidi ya nusu. Katiba haikubadilishwa hata herufi moja. Aliyebadilika ni msomaji.

Hukumu hiyo ilishangiliwa, na ilistahili. Wengi walioiandikia sifa walisema sasa mpiga kura amekuwa huru, kwamba anaweza kumpa kura mgombea anayempenda bila kuogopa kumsaidia asiyempenda. Hapa ndipo ninapotofautiana nao. Tazama yaliyompata mgombea wa tatu. Uchaguzi uliporudiwa Juni 2020, Chilima hakuwa tena akigombea urais. Alikuwa mgombea mwenza wa Chakwera. Karatasi ya kura ilikuwa na wagombea urais watatu, na wa tatu hakufikisha asilimia 1. Kanuni iliyotarajiwa kumfungulia mtu wa tatu mlango ilimwonyesha mlango wa kutokea, tena kabla ya siku ya kura.

Sidharau alichokipata. Chakwera alishinda kwa asilimia 58.57, na Chilima akawa Makamu wa Rais. Chini ya usomaji wa zamani asilimia 20 zake zingemletea lawama tu. Lakini kuna kitu kilipotea, nacho ni hesabu. Mwaka 2019 tulijua kwamba zaidi ya watu milioni 1 walitaka siasa ya Chilima. Mwaka 2020 watu hao walimezwa ndani ya idadi ya mwingine, na hakuna awezaye kuwatenganisha. Anayejadiliana baada ya kuhesabiwa ana mtaji. Anayejadiliana kwa makisio ana maneno matupu.

Sisi Wakenya tunaijua hadithi hii vizuri. Mwaka 1992 Moi alibaki madarakani kwa takriban asilimia 36, huku Matiba, Kibaki na Jaramogi Odinga wakigawana kura za upinzani. Katiba ya 2010 ilikuja na dawa: mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na angalau robo ya kura katika kaunti 24 kati ya 47. Akikosekana, kuna duru ya pili. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta aliivuka nusu kwa kura elfu chache tu, asilimia 50.07. Mahakama ya Juu ilipoulizwa kura zilizopigwa ni zipi, ilijibu kwamba zilizokataliwa hazimo. Neno tena, na msomaji wake.

Tangu hapo duru ya pili imekuwa kama mhusika anayetajwa katika kila onyesho lakini hajawahi kupanda jukwaani. Uchaguzi wa Oktoba 2017 ulikuwa marudio baada ya ule wa Agosti kufutwa, si duru ya pili. Mwaka 2022 William Ruto alitangazwa kwa asilimia 50.49. Musalia Mudavadi, aliyekuwa wa tatu mwaka 2013 kwa karibu asilimia 4, safari hii aliungana na Ruto mapema na baadaye akawa Mkuu wa Mawaziri. Wagombea wawili waliobaki nje ya miungano mikubwa hawakufikisha asilimia 1 kwa pamoja.

Mwaka huo mjomba wangu aliniita kando. "Mpwa wangu," akasema, "kura si ya kutupa." Alisema kwa upendo, akimaanisha nichague mmoja wa wale wawili. Wosia huo ulikuwa na mantiki mwaka 1992. Chini ya katiba ya 2010 umepitwa na wakati, kwa sababu kura ya duru ya kwanza haiwezi kumpa Ikulu mtu ambaye nusu ya nchi haimtaki. Lakini bado unaishi, kwani miungano yote miwili inataka kumaliza mchezo kwa duru moja, na sisi wananchi, tangu 2007, tunaogopa uchaguzi unaorefuka. Hofu hiyo ni ya kweli. Gharama yake pia ni ya kweli.

Je, kuna namna ya kumhesabu wa tatu kabla hajaunganishwa na mwingine? Jimbo la Maine, Marekani, limejaribu. Mwaka 2010 Paul LePage alishinda ugavana bila kufikisha asilimia 38, mgombea huru akimfuata kwa karibu. Mwaka 2016 wananchi walipitisha kwa kura ya maoni utaratibu wa kuwapanga wagombea: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwaka 2018, katika eneo moja la ubunge, Bruce Poliquin aliongoza hesabu ya kwanza bila kufika nusu. Wagombea huru wawili, wenye takriban asilimia 8 kwa pamoja, waliondolewa, kura zao zikahamia chaguo lililofuata, na Jared Golden akashinda. Wale wawili hawakushinda, lakini hesabu yao imeandikwa. Cha kuchekesha ni kwamba uchaguzi mkuu wa gavana, uliozua yote hayo, haukuguswa. Mwaka 2017 majaji walisema katiba ya jimbo inamtaka mwenye kura nyingi kuliko wenzake, basi. Neno lile lile la kibandani.

Sidhani tuuchukue utaratibu huo kesho. Nguvu ya uchaguzi wetu iko katika Fomu 34A, inayobandikwa kituoni ili yeyote aipige picha na kujumlisha mwenyewe, kama wengi walivyofanya mwaka 2022. Kura za kupanga hazijumlishwi hivyo. Lazima zikusanywe mahali pamoja ndipo zihamishwe, na nchi yetu haiamini vyumba vilivyofungwa.

Kwa hiyo nawageukia wasomaji wa rika langu, hasa waliojaza barabara Juni 2024 wakisema hawana chama wala kabila. Mwaka 2027 mtaambiwa msitupe kura. Mtaletewa majina mawili na kuhimizwa mwahi kuchagua. Kabla ya kuitikia, isomeni Ibara ya 138. Haisemi mshindi apatikane siku moja. Katiba imeandika duru mbili. Sisi ndio tunaosoma moja.